Kabari ya Mama Mbonea

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa nyuma pia, maana mkibaki mmesimama nitadhani mnajiandaa kuondoka, na mimi bado sijaanza.

Leo nina mfano wa gari. Naona wenye magari wameshageuza shingo dirishani kuangalia kama magari yao bado yapo. Yapo. Tulieni.

Kulikuwa na bwana mmoja kule Upareni, juu kabisa, kunakolimwa tangawizi. Kwa miaka thelathini bwana huyu alikuwa msoma mita za maji. Alipanda na kushuka milima ile kwa miguu, kutoka bomba hadi bomba, mpaka kila mbwa wa tarafa alijua harufu ya suruali yake. Siku alipostaafu, mkewe alimwuliza atafanya nini. Akajibu, "Mama Mbonea, mimi sitembei tena."

Na kweli hakutembea. Kule bondeni, kwenye shamba la mkonge, alikuwapo mhandisi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, akaacha gari lake, bwana yule akalinunua. Si gari kama haya ya kwetu. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, jekundu, la milango miwili, boneti ndefu kuliko jiko la mama yangu, injini ya silinda nane. Wenyewe Wamarekani huyaita magari ya misuli. Yaani gari lina misuli! Ukiliwasha asubuhi, kuku wa jirani wanaacha kutaga. Watu wa kule wakalipa jina, wakaliita Ngurumo.

Bwana yule akalipenda Ngurumo, jamani. Tusifichane, alilipenda kupita kiasi. Alilipaka rangi upya, akalivisha viti vya ngozi, akanunua ekzosi mpya ya kuongeza mlio, kana kwamba mlio ule wa kwanza haukuwatosha wagonjwa wa zahanati. Kila kitu kinachoonekana na kusikika kilitengenezwa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu.

Breki.

Maana gari lile, wapendwa, lilitengenezwa zamani, wakati watu walifikiria zaidi kwenda kuliko kusimama. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki zile za ngoma za kizamani. Ukishuka nazo mlima mrefu zinapata moto, na zikipata moto zinalegea. Na hizi za bwana yule zilikuwa zimechoka hata kabla ya kupata moto. Alikuwa akipampu pedali mara tatu ndipo zishike kidogo, kwa kusitasita. Breki ya mkono ilibaki jina.

Fundi mmoja wa bondeni alimwambia mapema kabisa. Kijana mtaratibu, mikono myeusi kwa grisi, maneno machache. Akafungua boneti, akatazama, akasema, "Mzee wangu, tufunge breki za diski mbele. Bomba zote tubadilishe. Na hapa, karibu na kioo, tuweke kile chombo cha mviringo kinachosaidia mguu, mfano wa sufuria. Ukigusa tu, gari linasimama."

"Hapo?" bwana akauliza. "Hapo haiwezekani."

"Kwa nini, mzee?"

"Hapo nimepanga kuweka honi."

Ilikuwa honi ya sauti tatu, wapendwa, yenye mtungi wake wa upepo. Ya kwanza inaimba juu, ya pili katikati, ya tatu inaunguruma kama askofu mwenye mafua. Nafasi ilikuwa moja. Honi au breki. Mnalijua jibu, maana ninyi na mimi tungechagua hivyo hivyo. Breki nani ataisikia? Honi ikafungwa.

Sasa mtaniuliza, mchungaji, gari lisilo na breki, mlima ule, lilikuwa linasimamaje? Swali zuri. Lishikeni hilo swali, msiliache lidondoke.

Nyumba yake ilikuwa juu, kanisa lilikuwa chini, na katikati kulikuwa na mteremko ambao hata mbuzi hushuka kwa ubavu. Kila Jumapili bwana yule alivaa suti, akaweka gia ya kwanza, akashuka akipampu. Na pembeni yake alikaa Mama Mbonea. Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama na sauti ya kwanza kwaya. Na mapajani alipakata kitu kilichofungwa vizuri kwenye kitenge. Mwinjilisti mmoja mgeni alipomwona mara ya kwanza alimpa mkono kwa furaha akasema, "Hongera mama! Wa kike au wa kiume?"

Ilikuwa kabari. Kipande cha mkaratusi kilichochongwa ubavu mmoja, kile ambacho utingo wa lori huweka chini ya tairi gari lisirudi. Wakikaribia geti la kanisa, mwendo umepungua kidogo, si sana, kama wa mtu anayewahi basi, bwana alikuwa akipiga kelele, "Mama Mbonea, sasa!" Mama anafungua mlango. Mlango wenyewe mrefu, mzito. Anaruka. Anakimbia hatua nne, anainama, anatupia kabari mbele ya gurudumu la nyuma. Gari linapanda kabari, linatikisika, linasimama. Mama anajikung'uta vumbi, anarekebisha kilemba, anaingia kwaya.

Mnacheka. Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Lakini oneni pia hili. Gari lile lilikuwa na usukani upande wa kushoto, kwa hiyo Mama Mbonea alikuwa anakaa kulia. Yaani hakuwa anarukia majanini. Alikuwa anarukia katikati ya barabara. Na kwa sababu hiyo alikuwa anakwenda kanisani na raba. Kitenge cha kushona, kilemba cha kupendeza, chini raba za mchezo. Nyumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na boksi la viatu vyeusi vya kisigino alivyoletewa na binti yake Mbonea kutoka mjini. Miaka sita vimo ndani ya boksi na karatasi zake. Goti lake la kulia lilianza kuvimba mwaka wa pili. Mwaka wa nne alikuwa akipanda ngazi za kwaya kwa kushika ukuta. Mumewe alipoona alisema, "Umri huo, mama. Jipake mafuta ya moto."

Na kila mwaka mpya, kwenye ibada ya shukrani, bwana yule alikuwa anakwenda mbele kutoa ushuhuda. Jamani, alijua kushuhudia! "Wapendwa, nina gari lisilo na breki! Nimeshuka mlima ule mwaka mzima, sijagusa hata kuku! Ni nani breki yangu?" Kanisa linajibu, "Mungu!" Akatengenezesha hadi stika, akaibandika kioo cha nyuma, MUNGU NI BREKI YANGU. Mwaka wa tano ushuhuda ulikuwa mkubwa zaidi. Akasimulia kwamba Jumapili moja lori la tangawizi lilikuja kasi wakati Mama Mbonea ameruka, likapita karibu naye hivi, likachukua kanga yake begani, likaondoka nayo. "Kanga ilikwenda, mama akabaki! Haleluya!" Kanisa likapiga makofi. Na Mama Mbonea pale kwenye benchi la kwaya naye akapiga makofi. Polepole, lakini alipiga.

Basi ikafika Sikukuu ya Mavuno.

Asubuhi ile Mama Mbonea aliamka, akaweka mguu chini, goti likakataa. Lilikuwa limevimba kama papai. Akasema, "Baba Mbonea, leo sitaweza. Na wewe usishuke na gari. Tembea."

"Mimi nitembee? Siku ya mavuno? Watu wote wamezoea kusikia honi."

"Basi omba lifti."

"Mwenye Ngurumo aombe lifti!" Akaondoka.

Hebu mwoneni anavyoshuka. Suti ya kijivu, kioo kimeshushwa, mkono nje, honi inaimba sauti zote tatu. Kona ya kwanza akapampu, breki zikashika kidogo. Kona ya pili akapampu, zikashika kidogo mno, karibu hapana. Alipofika karibu na geti alikuwa anapampu kama mtu anayejaza baiskeli upepo, na pedali ilikuwa inakwenda chini na kubaki huko. Akafanya alichofanya Jumapili zote za miaka sita. Akapiga kelele, "Mama Mbonea, sasa!"

Akageuka kulia. Kiti kitupu. Mkanda wake tu unaning'inia.

Pale getini, kama mnavyojua siku ya mavuno, sadaka zilikuwa zimepangwa kusubiri mnada. Mikungu ya ndizi, miwa, maboga, magunia ya tangawizi, kuku wamefungwa miguu, na rundo refu la majani ya ng'ombe la jumuiya ya bondeni. Kwaya ilikuwa imejipanga mbele yake inaimba. Wakasikia honi, wakadhani ni shangwe, wakaongeza sauti. Mzee wa kanisa mmoja ndiye aliyeona macho ya dereva. Akatupa kitabu cha nyimbo, akapaza sauti, "Wapendwa, hasimami!"

Kwaya ikatawanyika bila kusubiri mwongozaji. Ngurumo likapita katikati yao bila haraka, likapanda maboga, likaingia kwenye miwa, likasukuma ndizi zote za jumuiya tatu, likazama kwenye majani ya ng'ombe mpaka kioo cha mbele kikawa kijani. Likasimama. Jogoo mmoja akaingia dirishani, akatua juu ya usukani, akawika. Hakuna aliyeumia. Ila nyuma ya gari, wazi kabisa, mbele ya washarika mia nne, ilikuwa inasomeka ile stika.

Mzee wa kanisa akasogea, akachungulia ndani, akaona kiti kitupu. Akauliza kwa upole tu, "Baba Mbonea, leo breki umeiacha nyumbani?"

Wapendwa, watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini bwana yule hakucheka. Neno lile lilimwingia, akawa hajui alipeleke wapi.

Mchana uleule fundi akapanda kutoka bondeni na jeki yake. Akafungua magurudumu moja baada ya jingine. Halafu akanyanyuka na kipande cha chuma mkononi.

"Mzee, hapa hakuna kitu. Imebaki chuma kwa chuma. Na hizi mbili za nyuma zimeganda kutu, hazijafanya kazi miaka mingi. Gari hili lilikuwa linasimamaje?"

Bwana akanyoosha kidole kwenye stika.

Fundi akaisoma. Akafuta mikono taratibu. "Mzee wangu, hapo sibishi. Hata mimi ni Mkristo. Mungu ndiye aliyelisimamisha. Nauliza tu, alikuwa anatumia nini?"

Mmelikumbuka lile swali nililowaambia mlishike? Hilo hapo. Bwana yule aliigeukia tena stika yake. Aliona kanga. Ile kanga ya mwaka wa tano, ikiondoka na lori. Mara zote alizoisimulia alikuwa anaitazama kanga ilivyopepea. Mchana ule, kwa mara ya kwanza, alimtazama aliyekuwa ameivaa. Akaona jinsi alivyobaki katikati ya barabara, mikono mitupu, umbali wa kiganja kutoka kwenye lori, ameshaweka kabari mahali pake kwanza. Bwana akakaa chini palepale kwenye oili, na suruali yake.

"Ng'oa honi," akasema.

"Mzee?"

"Ng'oa honi, baba. Weka ile sufuria yako."

Akapanda nyumbani kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu, yule aliyeapa hatembei tena! Akamkuta mkewe amelala, mguu juu ya mto. Kando ya kitanda ilikuwapo kabari ndani ya kitenge chake. Akaifungua. Hakuwahi kuishika hata siku moja. Ilikuwa nzito. Ubavu wake mmoja ulikuwa umeliwa na tairi, Jumapili juu ya Jumapili, na ule mwingine umelainika kwa viganja.

Mama Mbonea akafungua jicho moja. "Kwaya wazima?"

"Wazima wote."

"Na maboga?"

"Maboga... tumwachie Mungu."

Akacheka mama yule mpaka akashika goti. Mumewe hakucheka naye. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Akasema, "Mama Mbonea, ningekuua. Ningekuua, halafu ningekwenda kutoa ushuhuda."

Mama akaacha kucheka. Kisha akamwambia, "Miaka sita nilikuwa nakusubiri umalize ule ushuhuda. Kila mwaka nilidhani safari hii utafika kwangu."

Goti lilichukua mwezi na nusu kushuka. Jumapili aliyorudi kanisani, mumewe alilitoa lile boksi chini ya kitanda, akalifuta vumbi, akamwekea viatu miguuni. Mama akavivaa. Lakini akachukua na kabari.

"Hiyo ya nini tena? Breki ni mpya. Fundi amefunga diski, amebadilisha bomba, kila kitu."

"Wewe nakuamini," mama akasema. "Fundi simjui vizuri."

Wakashuka. Kona ya kwanza, bwana akagusa pedali kidogo, gari likatii. Kona ya pili, vilevile. Washarika waliposikia mlio wa injini wote walihamia nyuma ya ukuta wa kanisa, wengine wamebeba watoto. Gari likafika getini. Bwana akakanyaga mara moja tu, na Ngurumo lote, na misuli yake yote, likasimama kimya. Hata vumbi halikuruka.

Bwana akapumua. Akageuka kumtazama mkewe afurahi naye.

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mguu mmoja wa Mama Mbonea ulikuwa nje, na kiatu chake cha kisigino, unatafuta barabara. Kabari ilikuwa imeinuliwa juu. Hakuna aliyemwita. Miaka sita ilikuwa imeufundisha mguu ule, na mguu haukuwa na habari kwamba kazi imekwisha.

Bwana akamshika mkono polepole. "Kaa, Mama Mbonea," akamwambia. "Kaa. Limesimama."

Wapendwa wangu, mlidhani nitawaambia breki ni ulimi. Najua, nimeona akina baba wengine wanawatazama wake zao tangu mwanzo, wanasubiri nifike hapo. Sifiki hapo.

Nauliza jambo moja. Sisi tunaokuja hapa mbele na ushuhuda, "Mungu amenitendea, Mungu amenivusha," na ni kweli ametuvusha, alikuwa anatumia nini? Alikuwa anamtumia nani? Wewe baba unayewaka nyumbani kisha unalala, nani anabaki sebuleni kuwaambia watoto kwamba baba amechoka tu, anawapenda? Wewe mama unayesifiwa mtaa mzima kwa harusi uliyosimamia, ni dada gani aliyekesha kuosha masufuria na jina lake hukulitaja? Wewe bosi ambaye hujawahi kukosea barua, nani anazisoma kabla hazijatoka? Na mimi mchungaji msinicheke. Mahubiri haya niliyasema jana jikoni, mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Punguza." Nilikuwa na kurasa kumi na moja. Mnaweza kumshukuru mkitoka.

Tunashuka mlima tukipiga honi, tukiamini hatujagusa hata kuku kwa sababu ya imani yetu. Kumbe kuna mtu ana goti limevimba. Na sisi tunamwambia ni umri. Tunamwambia ajipake mafuta.

Kumshukuru ni vizuri, mshukuruni. Lakini bwana yule angemshukuru mkewe kila Jumapili na bado angemrusha barabarani, ingefaa nini? Aling'oa honi. Nenda kang'oe yako. Lile unaloliweka mahali pa breki kwa sababu linasikika vizuri, unalijua, sihitaji kulitaja mbele za watu. Lirekebishe lile ambalo mwenzako amekuwa akilizuia kwa mwili wake, ili siku moja naye afungue boksi lake avae viatu vyake.

Na wewe uliyekaa hapa na raba, na kabari mapajani ndani ya kitenge, hujawahi kutajwa kwenye ushuhuda wa mtu. Mungu anaijua kabari yako. Anajua uzito wake.

Sasa kabla hatujasimama kuimba, mgeukieni yule mtu. Kama yuko nyumbani, utamkuta. Usimwambie asante kwanza, mwambie lile la Baba Mbonea.

Mwambie, kaa.